BETRI YA GARI: TUIBADILISHE SASA AU TUNGOJE?

Somo la kujadiliwa katika vikundi na kamati za maendeleo

Somo letu safari hii linahusu kitu kidogo kinachokaa chini ya boneti lakini kinaweza kusimamisha kazi ya parokia nzima. Kitu hicho ni betri ya gari.

Vikundi vyetu vingi vina gari lililonunuliwa likiwa limeshatumika. Wengine wana pikapu ya kupeleka maziwa au mboga sokoni. Wengine wana matatu ya kikundi. Na parokia nyingi zina gari moja tu, hilo hilo la padre, la katekista, la kubeba simiti na, usiku wa manane, la kupeleka mgonjwa hospitalini.

Gari kama hilo likikataa kuwaka, maneno huwa mawili. Wa kwanza anasema, "Betri imekufa, tununue nyingine." Wa pili anasema, "Sukumeni tu, itawaka. Pesa hakuna." Wote wawili wanaweza kukosea. Wa kwanza anaweza kumaliza pesa za kikundi kwa betri mpya, na baada ya wiki mbili nayo ikalala, kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye betri. Wa pili anaweza kusukuma miezi sita mpaka siku ile mama mjamzito atakapohitaji gari saa nane za usiku, mvua inanyesha, na wa kusukuma hakuna.

Tunataka basi tujifunze kuamua bila kubahatisha. Tutafuata ile njia tuliyoizoea katika jumuiya zetu ndogo ndogo: kuona, kuamua, kutenda.

SEHEMU YA KWANZA: KUONA

1. Betri hufanya kazi gani?

Betri ya gari dogo ni ya volti 12. Ndani yake mna seli 6, na kila seli hutoa volti 2 na kitu kidogo. Kila seli ina mabamba ya risasi yaliyozama katika maji yenye asidi kali. Kazi kubwa ya betri hii ni moja tu, yaani kupiga stata kwa sekunde chache. Injini ikishawaka, altaneta ndiyo inayobeba mzigo wa umeme wa gari, na ndiyo inayoirudishia betri kile ilichotoa.

Tufikirie pipa la maji nyumbani. Betri ni pipa. Altaneta ni bomba linalolijaza. Asubuhi ukikuta pipa halina maji, hukimbilii dukani kununua pipa jipya. Kwanza unajiuliza maswali manne:

(a) Je, mdomo wa kutolea maji umeziba? Hizo ndizo terminali na waya.
(b) Je, bomba linaleta maji? Hiyo ndiyo altaneta na mkanda wake.
(c) Je, kuna mahali maji yanavuja usiku? Hicho ni kitu kinachokula umeme gari likiwa limezimwa.
(d) Je, pipa lenyewe limetoboka? Hapo ndipo tunaposema betri imekwisha.

Angalia kwamba betri yenyewe ni swali la nne, si la kwanza. Fundi mwenye haraka huanza na la nne kwa sababu hilo ndilo rahisi kwake. Anayelipa ni wewe.

2. Ni nini huua betri?

Adui wa kwanza ni joto. Wengi hudhani ni baridi, kwa sababu gari hukataa kuwaka asubuhi ya Julai kule Limuru au Nyahururu. Ukweli ni kwamba joto ndilo linaloharibu betri polepole, kisha baridi huja kufichua uharibifu huo. Ndiyo maana betri za Mombasa, Garissa na Lodwar huzeeka haraka kuliko za nyanda za juu. Kwa kawaida betri nzuri iliyotunzwa hukaa kama miaka 3 hadi 5. Sehemu za joto kali ni vyema kuanza kuiangalia kwa makini ikishapita miaka 2.

Adui wa pili ni kuachwa tupu. Betri ikikaa siku nyingi bila chaji, ukoga mgumu mweupe hujengeka juu ya mabamba, na baadaye hata ukiichaji haishiki. Gari la kanisa linaloegeshwa Jumatatu hadi Jumamosi na kuwashwa Jumapili tu liko katika hatari hii. Ni hivyo hivyo kwa gari lililotoka ng'ambo likakaa wiki nyingi melini na bandarini bila kuwashwa. Ukinunua gari la namna hiyo, usiridhike kwa kuwa liliwaka siku ya kulichukua. Pima betri.

Adui wa tatu ni kazi isiyo yake. Tunaona mara nyingi betri ya gari ikitolewa kupiga vipaza sauti vya mkutano wa injili mchana kutwa, au ikifungwa kwenye sola ya nyumba kuwasha taa na televisheni hadi iishe kabisa. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, kisha ijazwe mara moja. Kuikausha mpaka mwisho mara kwa mara ni kuiua. Kazi ya sola ina betri zake.

Maadui wengine ni barabara mbovu na betri isiyofungwa vizuri mahali pake, maji kupungua chini ya mabamba, na safari fupi fupi ambazo hazimalizi kurudisha umeme uliotumika kupiga stata.

3. Je, ni betri kweli? Uchunguzi usiohitaji pesa

Kabla ya kugusa chochote, zima sigara, vua pete na saa ya chuma, na usiwashe kiberiti karibu. Betri hutoa hewa inayoweza kulipuka. Maji yake yakiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi dakika 15 au zaidi, halafu nenda hospitali bila kukawia.

Hatua ya kwanza: Terminali. Fungua boneti uangalie. Kama kuna unga mweupe au wa kijani kwenye terminali, huenda umeme haupiti sawasawa. Fungua waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya. Yeyusha magadi kidogo katika maji ya moto, mwagia hapo, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha. Angalia magadi yasiingie ndani ya seli. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, kisha kaza. Usisahau ule mwisho mwingine wa waya wa hasi, pale unapofungwa kwenye bodi na injini. Pakishika kutu, gari huonyesha dalili zile zile za betri iliyokufa.

Hatua ya pili: Taa. Jioni, egesha gari likitazama ukuta. Washa taa kubwa injini ikiwa imezimwa, kisha mtu apige stata huku wewe unaangalia ukutani.

- Taa zikififia sana na stata ikizunguka kwa uchovu au ikilia "tik-tik-tik", betri haina nguvu ya kutosha au terminali ni mbovu.
- Taa zikibaki na mwanga ule ule na stata isiposema kitu, usinunue betri. Peleka gari kwa fundi wa wayaringi aangalie stata na waya zake.
- Stata ikizunguka kwa nguvu lakini injini haiwaki, betri haina kosa. Tafuta shida kwenye mafuta au kwenye plagi.

Hatua ya tatu: Mkanda na taa ya betri. Injini ikiwa imezimwa, gusa mkanda unaozungusha altaneta. Umelegea? Umepasuka? Halafu washa injini uangalie ile taa nyekundu yenye picha ya betri kwenye dashibodi. Ikibaki inawaka, bomba haliletei pipa maji. Hata betri mpya italala.

Hatua ya nne: Kulala usiku mmoja. Hii inawasaidia wengi, na haigharimu chochote. Chaji betri mpaka ijae. Jioni, fungua waya wa hasi na uuache bila kugusa chuma. Katika gari la milango ya umeme, kaa na ufunguo mkononi na uache dirisha moja wazi, usije ukafungiwa nje. Asubuhi rudisha waya upige stata.

- Gari likiwaka vizuri, na siku nyingine likikataa unapolala waya ukiwa umefungwa, basi kuna kitu kinachovuja umeme usiku. Inaweza kuwa taa ya buti, redio iliyofungwa vibaya, king'ora au altaneta yenyewe. Tafuteni mvujo huo. Betri iacheni.
- Gari likikataa hata baada ya betri kujazwa na kulala bila waya, pipa limetoboka.

Tunaomba jambo moja hapa. Wako mafundi wanaopima altaneta kwa kufungua waya wa betri injini ikiwa inanguruma. Wanasema, "Isipozima, altaneta ni nzuri." Kwa magari ya zamani sana walikuwa wanaponea chupuchupu. Kwa magari ya leo yenye kompyuta, tendo hilo linaweza kuunguza vifaa vya bei kuliko betri mara nyingi. Mkataze kwa heshima, lakini mkataze.

SEHEMU YA PILI: KUAMUA

4. Vipimo vya mita

Mita ndogo ya umeme, ile anayotumia fundi wa redio, inatosha. Kikundi kinaweza kununua moja ikatumika na wote. Pima asubuhi kabla ya gari kuwashwa, baada ya betri kupumzika usiku kucha:

- Volti 12.6 au zaidi: imejaa.
- Volti 12.4: robo tatu hivi.
- Volti 12.2: nusu.
- Volti 12.0: robo tu. Ichajiwe leo, isingoje.
- Chini ya 11.9: ni tupu.

Hivi vipimo vinaonyesha kiasi cha maji kwenye pipa. Havionyeshi kama pipa ni zima. Betri yenye volti 12.0 inaweza kuwa nzuri kabisa, ila ina njaa. Kwa hiyo ijaze kwanza, iache ipumzike saa kadhaa, halafu ipime tena. Ikiwa baada ya kuchajiwa sawasawa bado inasimama karibu na volti 10.5, seli moja imekufa. Seli 6 zimebaki 5. Hakuna dawa hapo.

Kipimo cha pili ni wakati wa kupiga stata. Mtu mmoja ashike mita, mwingine apige. Betri iliyojaa isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Ikizama chini ya hapo ilhali ilikuwa imejaa na terminali ni safi, nguvu zake zimeisha.

Kipimo cha tatu ni injini ikiwa inawaka. Mara nyingi mita isome kati ya volti 13.8 na 14.7. Isipopanda, altaneta au mkanda una shida. Ikipita 15, altaneta inachemsha betri, na betri mpya nayo itapikwa vile vile. Katika baadhi ya magari ya miaka ya karibuni kompyuta hupandisha na kushusha chaji yenyewe, kwa hiyo usihukumu kwa kusoma mara moja.

Kwa betri zenye vifuniko, fundi ana haidromita, kile kibomba cha kioo chenye kitu kinachoelea ndani. Seli iliyojaa husoma karibu 1.260. Zaidi ya namba yenyewe, linganisha seli na seli. Seli moja ikiwa nyuma ya wenzake kwa 0.050 au zaidi hata baada ya kuchaji, betri hiyo inaelekea kaburini. Kama betri yako ni ile iliyozibwa yenye jicho la kijani, kumbuka kwamba jicho hilo linaona seli moja tu. Zile tano nyingine halizijui.

Kama hamna mita, maduka mengi ya betri yana kifaa cha kupima betri ikiwa na mzigo, na mengine hupima bila malipo. Lakini nenda ukiwa umeshachaji. Betri yenye njaa ikipimwa kwa mzigo huonekana imekufa, na muuzaji hatasikitika kukuambia hivyo.

5. Mafungu matatu

Sasa tuyaweke yote pamoja.

Fungu la kwanza: USIBADILISHE. Betri ina umri mdogo, ukiichaji inashika, volti zinabaki juu baada ya usiku mmoja, na shida imeonekana kwenye terminali, mkanda, altaneta au mvujo. Tengeneza hicho kilichoharibika. Ongeza maji kama yamepungua, lakini maji safi ya betri peke yake, hadi yafunike mabamba kama sentimita 1. Maji ya kisima na ya mferejini yana chumvi. Na usikubali fundi aongeze asidi katika betri iliyokwisha kutumika. Kinachopungua kwa joto ni maji, asidi inabaki. Asidi ikizidishwa, betri hupata nguvu ya siku chache, kisha mabamba yanaliwa.

Fungu la pili: PANGA KUBADILISHA. Betri imepita miaka 3, au 2 kwa sehemu za joto. Stata ya asubuhi inavuta pole kuliko mwaka jana. Maji yanapungua mara kwa mara. Umeombewa moto kwa jirani mara mbili mwezi huu na hakuna kosa lingine lililoonekana. Hii bado inafanya kazi, lakini imeshakuaga. Anza kuweka pesa.

Fungu la tatu: BADILISHA BILA KUNGOJA. Ubavu umevimba au kupasuka. Inavuja. Inanuka kama yai viza. Seli moja imekufa. Imechajiwa ikajaa, ikalala bila waya, na asubuhi haina kitu. Betri ya fungu hili ni hatari yenyewe, na pia inaichosha altaneta, ambayo inajaribu kujaza pipa lililotoboka. Iliyovimba au kuvuja usiichaji wala usiiunganishe na gari jingine.

6. Gari linafanya kazi gani?

Hapa ndipo kamati nyingi husahau. Betri mbili zinaweza kuwa na vipimo sawa, na uamuzi ukawa tofauti.

Chukua pikapu ya giya za mkono inayofanya kazi mchana mjini, ambako watu wapo na mafundi wapo. Betri yake ikiwa fungu la pili, si dhambi kungoja miezi miwili mitatu mpaka mavuno.

Sasa chukua gari la parokia ya mbali. Ndilo linalokimbiza wagonjwa usiku. Hospitali iko kilomita 40. Tena ni la otomatiki, na magari ya otomatiki hayasukumwi yakawaka. Betri ya gari hilo ikiingia fungu la pili, kwetu sisi tayari ni fungu la tatu. Isingojwe ife, kwa sababu haitachagua kufa Jumamosi asubuhi mbele ya gereji. Itachagua usiku ule inapohitajika. Hakuna kamati itakayoweza kumweleza mume wa mgonjwa kwamba tulikuwa tunabana shilingi.

Kwa hiyo tunasema hivi. Gari la kazi ya kawaida, vipimo viamue. Gari linalobeba uhai wa watu, vipimo na kalenda viamue pamoja, na kile kitakachofika kwanza kifuatwe. Betri iliyotolewa mapema kwa njia hii, kama bado ni nzima na inatosha kwa ukubwa, inaweza kumalizia siku zake kwenye gari la mchana.

7. Hesabu ya senti

Betri ya mkono wa pili huonekana rahisi. Tufanye hesabu kwa namba za mfano tu, kwa maana bei hubadilika. Tuseme betri mpya ni shilingi 12,000 na inakaa miaka 3. Miezi ni 36, kwa hiyo kila mwezi inakula shilingi 333. Tuseme betri ya mkono wa pili ni shilingi 4,500 na inakaa miezi 7. Kila mwezi inakula shilingi 643. Ile "rahisi" imekuwa karibu mara mbili, na hatujahesabu siku gari lilipolala njiani na maziwa yakachachuka.

Funzo lake ni kwamba kikundi kinachoweka kando shilingi 340 kila mwezi tangu siku ya kufunga betri hakitapigwa na bumbuazi itakapoisha. Mweka hazina aiandike kama mstari wake katika bajeti ya gari, pamoja na oili na magurudumu.

SEHEMU YA TATU: KUTENDA

8. Siku ya kununua na kufunga

- Soma ukubwa ulioandikwa kwenye betri ya zamani, kwa mfano NS40, NS60 au N70, na ulinganishe na kitabu cha gari. Aliyetangulia anaweza kuwa aliweka ndogo. Injini ya dizeli huhitaji kubwa kuliko ya petroli.
- Angalia upande wa terminali. Katika betri za Kijapani herufi L au R iliyo mwishoni mwa namba inaonyesha upande huo. Ukikosea, waya hazitafika, au mtu atazilazimisha na kuunguza gari.
- Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyokaa mwaka mzima rafuni si mpya tena. Omba ipimwe mbele yako. Isomeke volti 12.5 au zaidi.
- Risiti na kadi ya garanti vipigwe mhuri na kuandikwa tarehe. Viwekwe katika faili ya gari, si mfukoni mwa dereva.
- Andika tarehe ya kufunga kwa rangi juu ya betri, na pia katika daftari la gari. Mwaka wa tatu hakuna atakayekumbuka.
- Kaza kile chuma kinachoishika betri. Betri inayorukaruka kwenye mashimo haimalizi miaka yake.
- Washa gari na upime chaji siku hiyo hiyo. Kama altaneta ina shida, ijulikane leo kabla haijaua betri mpya.

Baada ya hapo, gari lisilotumika sana liendeshwe angalau nusu saa kila wiki. Kulinguruma pale uani dakika tano hakutoshi kurudisha hata umeme wa kulipigia stata.

9. Betri ya zamani iende wapi?

Wapendwa, hapa hatuzungumzi tena juu ya gari. Tunazungumza juu ya watoto wetu. Risasi iliyo ndani ya betri ni sumu. Inaingia mwilini kwa vumbi, moshi, maji na mikono michafu. Huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na mama mjamzito anaweza kumpitishia mtoto aliye tumboni.

Wakenya tuna mfano wetu wenyewe. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Moshi na maji machafu yaliingia makwao, na watoto na watu wazima wakakutwa na risasi katika damu. Mama mmoja aliyekuwa ameajiriwa pale, Phyllis Omido, aliona mtoto wake mwenyewe akiugua, akawaamsha majirani. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014, na mwaka wa 2015 Omido akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka wa 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Miaka mingi ya kuzunguka mahakamani, na risasi iliyokwisha kuingia katika ubongo wa mtoto haiwezi kurudishwa ilikotoka kwa fidia yoyote.

Kwa hiyo:

- Usivunje betri nyumbani. Usimwage maji yake shambani, chooni wala mtaroni.
- Usiyeyushe risasi jikoni au uani kutengeneza vizito vya nyavu au kitu kingine chochote.
- Usiiache betri mahali watoto wanachezea.
- Irudishe ikiwa nzima kwa muuzaji wa betri. Wengi hupunguza bei ya betri mpya ukileta ya zamani. Uliza kabla ya kulipa. Anayenunua kwa kilo ili akavunje kichochoroni anaweza kukuongezea shilingi chache, lakini majirani zake ndio watakaolipa zilizobaki.

10. Tafakari

Someni pamoja Mathayo 25:1-13, mfano wa wanawali kumi. Wote kumi walikuwa na taa. Wote kumi walilala. Tofauti yao ilionekana usiku wa manane, wakati sauti ilipoita na hapakuwa tena na nafasi ya kwenda dukani. Wale wenye busara walikuwa wamefikiria usiku wakati bado ni mchana. Kutunza chombo cha watu wote ni sehemu ya busara hiyo. Katekista anayepima betri Jumamosi jioni anamhudumia mgonjwa ambaye bado hajaugua.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Gari letu lilikataa kuwaka mara ngapi mwaka huu? Kila mara tulijuaje kosa lilikuwa wapi?
2. Betri iliyomo sasa ina umri gani? Nani anajua, na imeandikwa wapi?
3. Gari letu linabeba nini usiku? Kwa kazi hiyo, betri yetu iko katika fungu gani?
4. Je, tuna pesa zilizowekwa kando kwa ajili ya betri, au tutachangisha siku ya shida?
5. Betri zetu za zamani zilienda wapi? Katika kijiji chetu kuna mahali zinapovunjwa? Tutazungumza na nani?

KAZI YA WIKI HII

Watu wawili wachaguliwe, mmoja awe dereva na mwingine asiwe dereva. Wasafishe terminali, wakaze mkanda kama umelegea, wapime volti asubuhi kabla ya kuwasha, wakati wa kupiga stata, na injini ikiwa inawaka. Waandike namba hizo tatu na tarehe katika daftari la gari, na walete taarifa katika mkutano ujao wa kamati. Uamuzi wa kununua au kutonunua ufanywe hapo, mbele ya namba hizo.